Vani inazima ikipata moto, ikipoa inawaka: kabla hujanunua kontrolo boksi

"Nina vani ya dizeli, hizi za komoni reli, imeshatembea kama kilomita 280,000. Asubuhi inawaka vizuri tu, lakini ikishatembea dakika 40 au 50 inazima ghafla, haimisi wala haipungui nguvu kwanza, inazima kama mtu kageuza ufunguo. Nikipiga stata inazunguka vizuri lakini haishiki. Nikikaa dakika 20 mpaka 30 inawaka kama haijawahi kuumwa. Taa ya cheki injini haiwaki. Fundi wa kwanza kabadilisha filta ya dizeli na kusafisha nozeli, haikusaidia. Wa pili kasema pampu, nimenunua pampu nzima, ikakaa poa wiki mbili halafu ikarudi palepale. Wa tatu kachomeka mashine hakuona kitu, anasema basi ni kontrolo boksi. Mimi nina mita ya umeme na kile kidude cha bluetooth cha kuchomeka chini ya usukani. Naweza kuitafuta mwenyewe nyumbani au ndo nijikaze ninunue hiyo kontrolo boksi?"

Usinunue kwanza ndugu yangu. Sisemi kontrolo boksi, yaani kompyuta ya injini, haifi, inakufa, ila kwa gari inayozima ikiwa ya moto na kuwaka ikipoa huwa naiweka mwisho kabisa, na huyo fundi wa tatu hajakwambia ameukuta ubovu kwenye kontrolo boksi, amekwambia tu ameishiwa na vitu vya kutaja. Ni mambo mawili tofauti hayo.

Naelewa kinachokuumiza sio hela peke yake, ni kutoka na gari hujui itakulaza wapi. Lakini angalia kitu kimoja kwenye maelezo yako: mafundi wote watatu wameipima gari ikiwa nzima. Umeipeleka inatembea, wameifungua inawaka, wamechomeka mashine inanguruma vizuri, kwa hiyo majibu waliyopata ni ya gari nzima na baada ya hapo kila mtu akabahatisha kwa uzoefu wake. Zile dakika 20 mpaka 30 ambazo gari imekufa pembeni ya barabara, ambazo wewe unazitumia kupoza hasira, ndo muda pekee ambao ubovu upo pale umekaa unakusubiri uupime. Na mtu pekee aliyepo muda huo ni wewe. Ndo maana nasema ndio, unaweza kuitafuta mwenyewe, tena una nafasi nzuri kuliko fundi yeyote.

Nianze na hili la taa maana linawapoteza wengi. Taa ya cheki injini haiwaki kila gari inapokuwa na ubovu, inawaka pale kontrolo boksi inapoona kitu kisichoingia akilini, na makosa mengine inataka iyaone safari mbili tofauti ndo iwashe taa, ya safari ya kwanza inayaweka pembeni kama kodi (namba ya kosa) ya kusubiri. Sasa fikiria gari inazima ghafla, sekunde chache baadaye umesimama pembeni. Kwa upande wa kontrolo boksi injini haizunguki, na injini isiyozunguka sio kosa, kila siku unaizima kwa ufunguo na haikulalamikii. Kwa hiyo inaweza kukata kabisa na isiandike chochote. Kidude chako cha bluetooth kina sehemu ya kodi zilizothibitishwa na mara nyingi sehemu nyingine ya kodi za kusubiri, fungua zote mbili, na ufungue gari ikiwa bado imekufa, usisubiri ufike nyumbani. Na tafadhali acha kuchomoa betri ili "kuirisiti", kama kulikuwa na kodi imejificha humo unaifuta kwa mkono wako mwenyewe.

La pili, mashine haisemi kitu gani kibovu. Inasema taarifa gani haikuja au imekuja vibaya. Ikikuletea P0335 haijasema sensa ya krenki (shafti kuu ya injini inayozungushwa na pistoni) imekufa, imesema habari ya krenki haikufika, na habari inaweza kupotea kwenye sensa, kwenye soketi, kwenye waya au kwenye pini inayoingilia kontrolo boksi.

Na zile wiki mbili. Hapo ndo niliposimama nikasoma mara ya pili. Pampu mpya ingekuwa dawa, gari isingerudia, na kama pampu haikuwa tatizo, kwa nini ilitulia wiki mbili? Jibu langu ni kwamba kutoa pampu kunataka uchomoe soketi, usogeze wayaringi, ufungue mabano, halafu urudishe. Mkono wa fundi uligusa kitu. Soketi iliyokuwa imelegea ikabanwa upya, au waya uliokuwa umechunika ukalala upande mwingine. Gari ya namna hii ikipona baada ya kubadilishiwa kitu halafu ikaumwa tena ileile, mimi siangalii kilichobadilishwa, naangalia kilichosogezwa. (Inawezekana pia wiki zile mbili hukwenda safari ndefu, hilo unalijua wewe, jikumbushe kwa ukweli.)

Sasa twende kwenye injini yenyewe. Dizeli ya komoni reli haichomi mafuta kwa kujiendea kama zile za zamani, kila nozeli inafunguliwa na umeme kwa amri ya kontrolo boksi, na kontrolo boksi haiwezi kutoa amri kama haijui pistoni iko wapi. Anayeiambia ni sensa ya krenki, kidude kidogo kama kidole gumba kilichochungulia kwenye gurudumu la meno, mara nyingi upande wa flaiwili au mbele kwenye puli. Kwenye magari mengi gurudumu lile limegawanywa nafasi 60 halafu meno mawili yakaachwa makusudi, yanabaki 58, na lile pengo ndo linalomwambia kontrolo boksi "hapa ndo mwanzo". Injini ikizunguka mara 2,000 kwa dakika ni mizunguko 33 na kidogo kila sekunde, zidisha na 58 unapata alama kama 1,900 kwa sekunde moja. Zikikatika tu, kwenye injini nyingi kontrolo boksi inaacha kufungua nozeli hapohapo. Haimisi, haikohoi, haipungui nguvu. Inazima kama umegeuza ufunguo, maneno yako mwenyewe.

Kwa nini joto? Sensa za aina ya zamani ndani ni waya wa shaba mwembamba kama unywele umezungushwa mara nyingi sana kwenye sumaku. Ukipata ufa mahali, ikiwa baridi ncha mbili zinagusana, ikipata moto plastiki na shaba vinatanuka kila kimoja kwa kiasi chake, ncha zinaachana. Ikipoa zinarudi. Na kuna jambo watu hawalijui: ukizima gari, joto chini ya boneti halishuki mara moja, linapanda kwanza, maana maji hayazunguki tena, feni haivuti, upepo wa barabarani haupo, na chuma kizima cha injini kinatoa joto lake kwenye vitu vidogo vinavyokizunguka. Ndo maana inagoma dakika zile za mwanzo halafu inakubali baadaye. Kama umeshawahi kusimama dakika kumi kununua kitu, umezima mwenyewe ikiwa nzima, ukirudi haishiki, basi hiyo nayo niandikie kwenye daftari, ni dalili ileile imeingilia mlango mwingine.

Kwa hiyo kama ungenilazimisha nitaje jina sasa hivi ningesema sensa ya krenki au waya wake. Lakini mimi pia nipo mbali na gari, nikitaja na wewe ukanunua nitakuwa fundi wa nne. Tuipime.

Mtihani wa kwanza hauna gharama, unataka macho tu. Ikizima gari ikiwa bado inatembea na iko kwenye gia, usikanyage klachi papo hapo kama njia ni salama, iangalie sekunde mbili tatu. Magurudumu bado yanaizungusha injini, kwa hiyo mshale wa rpm unatakiwa ushuke taratibu pamoja na mwendo. Mshale ukidondoka sifuri mara moja wakati injini bado inasukumwa na magurudumu, umeshajua habari ya krenki imepotea, maana mshale ule kwenye magari mengi unalishwa na sensa hiyohiyo. Ukishuka polepole na gari, krenki inaonekana, basi tuelekee kwenye mafuta. Na dashibodi nzima ikizimika, redio, taa zote, hapo sio krenki wala mafuta, ni swichi ya ufunguo, fyuzi kubwa, au waya wa betri. Gari yako ikiwa ya otomatiki mtihani huu haukupi jibu la uhakika, nenda wa pili.

Wa pili, umeshasimama pembeni salama, taa za tahadhari zinawaka. Chomeka kidude, fungua namba zinazocheza laivu, chagua mzunguko wa injini na presha ya reli (lile bomba linalogawa mafuta kwenye nozeli). Mwambie mwenzako apige stata sekunde tano sita, wewe soma. Stata nzima inazungusha injini kama mara 200 mpaka 250 kwa dakika na namba hiyo inatakiwa ionekane. Ukisikia injini inazunguka kwa masikio yako na simu inasoma 0, umemkamata, ni habari ya krenki. Ikisoma 220 na presha ya reli haipandi, basi krenki haina kosa na uache kuinyooshea kidole. Injini nyingi za komoni reli zinataka presha ya kama bar 200 kwenda juu ndo nozeli ziruhusiwe kufunguka, kwa hiyo ukiona inacheza 40, 60, 50, mafuta hayafiki au yanavuja mahali. Piga picha ya skrini. Simu inasahau na wewe utasahau, ukiwa pembeni ya barabara na malori yanapita kichwa hakifanyi kazi vizuri.

Dakika hiyohiyo, kabla haijapoa, fungua mfuniko wa tangi la mafuta. Usicheke. Ukisikia tangi linavuta pumzi kwa nguvu, tundu la hewa limeziba, mafuta yanayotoka yanaacha utupu nyuma yake mpaka pampu inashindwa kuvuta, ukikaa dakika 20 hewa inajipenyeza kidogo kidogo na gari inawaka. Dalili zinafanana na joto lakini sio joto, ni muda. Kawaida ya hii inapungua nguvu kwanza kabla ya kufa, ndo maana kwako siipi nafasi kubwa, lakini kuijaribu ni kugeuza mfuniko tu.

Ukifika nyumbani na injini imepoa kabisa, itafute sensa yenyewe. Hesabu waya zake. Zikiwa mbili, mara nyingi ni ile ya koili na unaweza kuipima omu (upinzani wa umeme) ukiwa umechomoa soketi. Zikiwa tatu inaweza kuwa ya aina ya Hall yenye saketi ndani, hiyo usiipime omu, namba haina maana na unaweza kuiumiza, hiyo unaangalia tu kama inapata umeme wake, volti 5 au 12 kutegemea gari, na athi yake (njia ya hasi) iko safi. Kwa ya koili, tuseme mita inasoma 860. Sasa chukua mashine ya kukaushia nywele, ipulize hewa ya moto taratibu huku mita imeshikwa kwenye pini. Namba itapanda, usishtuke, shaba ikipata moto upinzani wake unapanda kama asilimia 0.4 kwa kila digrii, ukiongeza digrii 60 ile 860 inakuwa kama 1,060 na hiyo ni sensa nzima kabisa. Unachokitafuta ni mruko. Inapanda 940, 980, 1,010, halafu ghafla OL (mita haisomi kitu, njia imekatika), halafu 1,015, halafu OL. Ukiona hivyo kunja vifaa vyako, umepata, na ukiiacha ipoe itarudi 860 na kukuangalia kama malaika.

Kinyume chake kinafanyika barabarani. Imekufa, haishiki, mwagia sensa maji kidogo tu ya kunywa kutoka kwenye chupa, kidogo kama unanawa vidole viwili, bila kugusa ekzosi wala turbo wala masoketi mengine, subiri dakika moja, piga stata. Ikishika papo hapo badala ya dakika 20, sina swali tena. Ila kama huioni vizuri ilipo au iko karibu na ekzosi achana na maji, chuma cha moto na maji ya baridi havipatani.

Sensa ikipima vizuri hujamaliza, umefika kwenye waya, na mimi hapa ndo pameniumbua mara nyingi kuliko kwenye sensa. Washa gari ikiwa imesimama, iache kwenye sailensa (ingurume bila kukanyaga mafuta), shika wayaringi kuanzia kwenye sensa na kwenda nayo sentimita kumi kumi, unaitikisa, unaikunja kidogo, unabonyeza kila soketi. Mikono mbali na mkanda na feni, na mikono ya shati ikunjwe. Injini ikitikisika au kuzima ukiwa umeshika mahali fulani, usiachie, weka alama. Angalia hasa pale wayaringi inapopita kwenye kona ya bano la chuma, na pale inapotoka kwenye injini kwenda kwenye bodi, maana injini inacheza na bodi haichezi, waya ndo unaoumia. Kuna vani moja iliyonimalizia siku tatu, ilikuwa inakata kwenye mlima tu. Nilipokuja kuifungua teipu nyuma ya injini nikakuta waya mmoja ganda zima, safi, ukiuangalia huoni kitu, lakini ukiuvuta unarefuka kama mpira, shaba ndani ilishakatika na kugeuka unga wa kijani, limebaki ganda linashikilia. Injini ikilala upande mmoja kwa mzigo wa mlima ncha zinaachana. Tambarare haikati kabisa. Tangu siku ile waya siuangalii, nauvuta.

Masoketi nayo uyachomoe na kuchungulia ndani kwa tochi: mafuta yaliyopenya, kutu ya kijani, pini iliyorudi nyuma. Hasa yale aliyoyagusa fundi wa pampu, kwa sababu ya zile wiki mbili. Usitoboe waya kwa sindano ili upime, tundu dogo lile litaingiza maji na mwakani utanitafuta tena. Na usitumie ile testa ya taa ya balbu kwenye waya za sensa au za kontrolo boksi, inavuta umeme mwingi kuliko saketi zile zinavyoweza kutoa, utatafuta ubovu mmoja ukaacha miwili.

Athi usiiruke, inachukua dakika tano. Mita iweke kwenye volti za DC, ncha moja kwenye nguzo yenyewe ya hasi ya betri, sio kwenye klipu, ncha nyingine kwenye chuma kisafi cha injini, mwenzako apige stata. Mita isome chini ya 0.2 au 0.3. Ikifika nusu volti na zaidi waya wa athi wa injini umechoka au umelegea, na athi mbovu inaleta vituko ambavyo hakuna mashine itakayokueleza. Betri nayo ikiwa imetulia isome karibu 12.6, gari ikiwaka iwe kati ya 13.8 na 14.5, hapo alteneta ruhusu ipite.

Rilei kuu ya injini, ile swichi ndogo inayoendeshwa na umeme, ni mshukiwa mzuri pia. Ndani yake kuna solda zinazopasuka kwa joto kama sensa tu, na gari nyingi zina rilei mbili tatu zinazofanana kabisa kwenye boksi moja, namba zilezile juu. Badilishana na ya honi, tembea. Honi ikianza kugoma safari ndefu na injini ikaacha kuzima, umempata bila gharama.

Upande wa mafuta, kama mtihani wa stata ulikuonyesha krenki inasoma na presha haipandi, weka kipande cha mpira unaopitisha mwanga kwenye njia ya kuingilia pampu, baada ya filta, uangalie mapovu. Mstari wa mapovu madogo yasiyoisha ni hewa inavutwa mahali, mara nyingi kwenye klipu za mipira au oringi ya ile filta aliyobadilisha fundi wa kwanza. Huo ni upande wa presha ndogo na unaruhusiwa kuugusa. Yale mabomba ya chuma kutoka pampu kwenda reli na nozeli usiyalegeze kamwe injini ikiwaka, ile tabia ya zamani ya kulegeza nati ya nozeli kusikiliza ipi inamisi ifie hukohuko kwenye dizeli za zamani. Kwenye reli presha inaweza kupita bar 1,000, nyingine zinafika 1,600 na zaidi, uzi mwembamba wa mafuta kwa presha ile unapenya ngozi bila kusikia maumivu makubwa, tundu unaloliona ni dogo kama la sindano na ndani nyama inaharibika. Ikikutokea usisubiri kuvimba, ni hospitali saa hiyohiyo na uwaambie ni mafuta ya presha.

Ukigundua ni sensa, na hapa niseme kosa langu mwenyewe ili lisikupate. Niliwahi kukamata sensa ya krenki kwa njia hizihizi, nikafunga mpya ya bei chee, baada ya siku nne gari ikazima vilevile. Nikaiamini sensa kwa sababu ilikuwa mpya, nikaanza kuilaumu kontrolo boksi, mteja akakaribia kununua. Kumbe ile mpya ilikuwa mbovu kuliko ya zamani. Kwa hiyo nunua yenye jina linaloeleweka, ipime kwa joto kabla hujaifunga, futa ncha yake maana sumaku inakusanya unga wa chuma, na safisha pale inapokaa ili isikae juu juu. Nafasi kati yake na meno ni kama milimita moja tu, takataka ndogo inatosha kuivuruga.

Mpaka umeikamata, usibebe abiria nayo. Ikizima ikiwa inatembea breki zinabaki na nguvu ya kukanyaga mara mbili tatu halafu zinakuwa ngumu kama jiwe, usukani wa pawa nao unakuwa mzito, bado vinafanya kazi lakini vinataka nguvu na mtu asiyejua anadhani vimekufa akapaniki. Kanyaga mara moja kwa nguvu na ushikilie, usipampu. Usirudishe ufunguo nyuma mpaka mwisho wakati gari inatembea, usukani unaweza kujifunga. Kwenye kupima nyumbani, usiiwashe ndani ya gereji iliyofungwa, na usiingie chini kwa jeki peke yake.

Wakati wa kuacha na kumwita mtu ni huu: umefanya yote, krenki inasoma, presha inapanda, athi safi, rilei umebadilishana, bado inakufa. Au dashibodi nzima inazimika na hujui njia ya nyaya kubwa. Au ile taa ya ufunguo ya kuzuia wizi inawaka au kukonyeza muda gari ikigoma, hiyo inataka mashine yenye ruhusa ya gari lako. Tafuta fundi umeme wa magari mwenye osilosikopu, sio mwenye mashine ya kodi tu, maana osilosikopu inaonyesha zile alama 1,900 moja moja na inaona likipotea jino moja. Mpelekee daftari lako: tarehe, dakika ngapi tangu uwashe, geji ya joto ilikuwa wapi, mlima au tambarare, mvua au jua, mshale ulidondoka vipi, pamoja na zile picha za skrini. Fundi mzuri akiona karatasi hiyo anakaa chini anaisoma. Asiyetaka hata kuiangalia, geuza gari. Na akisema kontrolo boksi, muulize kitu kimoja tu: wakati imekufa, umeme na athi zinazoingia kwenye kontrolo boksi zilisoma ngapi? Akikupa namba, msikilize. Kumbuka pia kontrolo boksi ya kuokota, iliyotoka kwenye gari nyingine, mara nyingi haiwaki mpaka isomeshwe na funguo zako, ni gharama juu ya gharama.

Anza kesho na ule mtihani wa mshale, unachukua sekunde tatu na utatupunguzia nusu ya njia. Niandikie ulichokiona, hata kama umeona kitu kisichofanana na chochote nilichosema hapa. Na ile pampu ya zamani kama bado ipo kwa fundi, kaichukue, usimwachie auze chuma chakavu, nina wasiwasi ilikuwa nzima.